Mji wako unadaiwa nyumba ngapi? Namna ya kufuatilia deni la nyumba za bei nafuu katika Ghuba ya San Francisco

Mpangaji wa Oakland au Hayward ambaye kodi inammalizia mshahara husikia kila mara kwamba mji wake "umepangiwa" maelfu ya nyumba za bei nafuu. Anasubiri miaka, haoni hata msingi ukichimbwa. Ukweli ni kwamba ile namba haijawahi kuwa ahadi ya kujenga. Ni deni la ardhi: mji unatakiwa uonyeshe viwanja ambavyo nyumba hizo zinaweza kujengwa kisheria, kisha uache kuwawekea vizingiti wanaotaka kujenga. Anayepanga deni, anayelipima, na anayebana mfuko mji unapokaidi wako ngazi za juu. Mkazi anayejua karatasi gani inatoka lini huubana mji wake vizuri zaidi kuliko anayekwenda kikaoni na hasira tupu.

Mwongozo huu ni wa kaunti tisa za Ghuba. Ukiwa Los Angeles au San Diego sheria za jimbo ni zilezile, ila umoja wa kanda ni mwingine na namba ni nyingine.

Hatua ya 1: Jua nani ameshika nini

Juu kabisa ipo idara ya nyumba ya jimbo la California, maarufu kwa herufi HCD. Hiyo huipa kanda nzima jumla ya nyumba. Chini yake yupo ABAG, umoja wa serikali za mitaa za Ghuba ulioanzishwa 1961. ABAG huigawa ile jumla kwa serikali 109: miji 101 na kaunti 9, San Francisco ikihesabiwa mara moja kwa kuwa ni mji na kaunti kwa pamoja. Pembeni ya ABAG ipo MTC, tume ya usafiri ya kanda. Watumishi wa vyombo hivi viwili waliunganishwa 2017, na MTC ndiyo yenye fedha za barabara na treni. Weka hilo kichwani, tutalirudia.

Baraza la mji ndilo linaloamua nyumba zikae mtaa gani. Kujenga kwenyewe hufanywa na kampuni binafsi au mashirika yasiyo ya faida. Hapa ndipo wengi wetu hupotea. Mkenya aliyezoea kuona mfanyakazi akikatwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri akiongeza kiasi hichohicho chini ya sheria ya nyumba za bei nafuu ya 2024, kisha serikali ikasimamisha magorofa, atatafuta serikali ya Ghuba imejenga wapi. Haijajenga. Kazi ya kanda ni kugawa, kupima, kutunuku na kunyima.

Hatua ya 2: Pata namba ya mji wako, kisha uivunjevunje

Kwa mzunguko wa 2023 hadi 2031, Ghuba ilipangiwa nyumba 441,176. Mzunguko uliotangulia ulikuwa na 187,990. Ingia kwenye tovuti ya ABAG, tafuta herufi RHNA, yaani mgawo wa mahitaji ya nyumba wa kanda, na utakuta jedwali la kila mji. Usiishie kwenye jumla. Jumla ndiyo meya anayoipenda, kwa sababu nyumba za matajiri huificha vizuri aibu ya nyumba za maskini.

Tuchukue Oakland. Jumla yake ni 26,251, na imegawanywa hivi: 6,511 kwa kaya zenye kipato cha chini sana, 3,750 kwa kipato cha chini, 4,457 kwa kipato cha wastani, na 11,533 kwa walio juu ya hapo. Mzunguko ni wa miaka minane. Gawanya 6,511 kwa nane, unapata nyumba kama 814 kila mwaka kwa kundi la kwanza peke yake. Andika namba hiyo mahali. Ndiyo utakayoilinganisha na ripoti katika hatua ya tano.

Kanda ilipata wapi mgawo huo? Ilianza na idadi ya kaya zinazotarajiwa katika kila mji ifikapo 2050, halafu ikaongeza uzito kwa miji iliyo karibu na ajira na yenye kile ilichokiita fursa, yaani shule nzuri, mazingira safi na kipato kizuri. Hapo ndipo miji iliyokuwa imejifungia kwa miongo ikaguswa. Cupertino, wanakokaa Apple, iliruka kutoka 1,064 hadi 4,588. Palo Alto ikapewa 6,086. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitu cha haki kuliko vyote katika mfumo huu mzima: kwa mara ya kwanza mzigo haukupelekwa tu kule ambako watu hawana mawakili. Miji ililia, rufaa 28 zikafunguliwa, na karibu zote zikatupwa.

Hatua ya 3: Jipime mwenyewe

Majina ya makundi yanadanganya. Katika Ghuba mtu anaweza kuwa muuguzi msaidizi anayefanya zamu mbili na bado akaingia "kipato cha chini sana", na mwalimu akawa "kipato cha chini". Vipimo hutokana na kipato cha kati cha kaunti kwa ukubwa wa kaya: hadi asilimia 50 ni chini sana, 50 hadi 80 ni chini, 80 hadi 120 ni wastani. HCD hutoa orodha mpya kila mwaka, kaunti kwa kaunti.

Tufanye hesabu kwa namba ya mfano tu. Kama kipato cha kati cha kaya ya watu wanne kingekuwa dola 150,000, kundi la chini sana lingeishia dola 75,000. Kodi huhesabiwa kuwa nafuu isipozidi asilimia 30 ya kipato. Kwa hiyo kaya iliyo kwenye ukomo huo ingelipa dola 22,500 kwa mwaka, au 1,875 kwa mwezi. Anayeingiza dola 40,000 atakwambia, "Hiyo nafuu ni ya nani?" Ana haki ya kuuliza. Kodi hupangwa kwa ukomo wa kundi, na aliye chini kabisa ya kundi huumia bado. Ndiyo maana unapoona jengo limesifiwa kuwa la bei nafuu, uliza: ni asilimia ngapi ya kipato cha kati, na nyumba ngapi kwa kila kiwango?

Hatua ya 4: Soma orodha ya viwanja

Kila mji lazima uwe na mpango wa nyumba, ambao sheria ya California imeudai tangu 1969. Kwenye tovuti ya mji tafuta maneno "Housing Element". Litatoka faili la mamia ya kurasa. Usihangaike na utangulizi wenye picha za watoto na baiskeli. Nenda moja kwa moja kwenye orodha ya viwanja, kwa kawaida iko kwenye viambatisho vya mwisho.

Kila mstari wa orodha ni kiwanja kimoja: namba yake, anwani, ekari, kilichopo sasa, idadi ya nyumba zinazoruhusiwa kwa ekari, na idadi ambayo mji unadai zitajengwa pale kwa kila kundi la kipato. Tafuta mistari yenye nyumba za vipato viwili vya chini, halafu ikague hivi.

Angalia ekari. Kiwanja chini ya nusu ekari au zaidi ya ekari 10 hakihesabiwi kwa nyumba za kipato cha chini mpaka mji uonyeshe ushahidi kwamba viwanja vya aina hiyo vimewahi kujengwa. Angalia msongamano: katika sehemu kubwa za mijini za Ghuba kipimo ni nyumba 30 kwa ekari, na kiwanja kinachoruhusu chini ya hapo hakitarajiwi kubeba nyumba za maskini.

Kisha angalia kilichopo sasa, maana hapa ndipo michezo huchezwa. Utakuta "duka la vyakula, linafanya kazi" au "maegesho ya kanisa". Fungua ramani ya mtandaoni uione ile sehemu, au bora zaidi, pita pale kwa miguu. Kama ni supamaketi inayojaa watu kila Jumamosi na mkataba wake bado una miaka 15, nani ataivunja ajenge magorofa? Mji ukitegemea viwanja vyenye majengo kwa zaidi ya nusu ya deni lake la vipato vya chini, sheria inautaka ulete ushahidi wa kutosha kwamba shughuli iliyopo itaondoka. Barua ya mwenye kiwanja kusema yuko tayari kuuza ni ushahidi. "Eneo lina uwezo" si ushahidi. Maegesho ya kanisa nayo usiyadharau: tangu sheria ya 2023, taasisi za dini na vyuo visivyo vya faida zinaweza kujenga nyumba za bei nafuu kwenye ardhi yao bila kuhitaji baraza la mji libadilishe mpango wa matumizi. Kama kanisa lenu lina lami tupu kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, wazee wa kanisa wana jambo la kujadili.

Kiwanja kilichowahi kuorodheshwa katika mizunguko ya nyuma na kikabaki tupu kina masharti ya ziada: mji lazima umruhusu mjenzi moja kwa moja, bila kusubiri baraza liamue kwa kikao, iwapo asilimia 20 ya nyumba zake ni za vipato vya chini. Mwisho, paka rangi viwanja vyote vya vipato vya chini kwenye ramani. Vikirundikana upande mmoja, karibu na barabara kuu na viwanda, huku upande wa shule nzuri ukibaki mweupe, mji unakiuka sheria ya 2018 inayoutaka uvunje utengano badala ya kuuendeleza. Ramani ya aina hiyo, iliyopakwa na mkazi kwa kalamu mbili za rangi, husomwa na wakaguzi wa HCD kwa makini kuliko malalamiko ya kurasa kumi.

Hatua ya 5: Subiri Aprili 1

Kila mwaka, mwisho Aprili 1, mji hupeleka HCD ripoti ya maendeleo ya mwaka uliopita. Jimbo huiweka wazi kwenye ukurasa wenye majedwali na grafu ambapo unaweza kuchagua mji wako. Chukua zile 814 zako uzilinganishe.

Kuna mambo mawili ya kuyajua kabla hujakasirika au hujafurahi. La kwanza: kinachohesabiwa ni kibali cha ujenzi. Nyumba ambayo haijapata hata mlango tayari imeshapunguza deni, na safu ya nyumba zilizokamilika iko sehemu nyingine ya jedwali. Isome na hiyo.

La pili ni nyumba ndogo za uani, zile ambazo mwenye nyumba hujenga nyuma au huzigeuza kutoka gereji. ABAG ilizipa miji ruhusa ya kukadiria, kutokana na uchunguzi wa kodi za pango, kwamba asilimia 30 ya nyumba hizi ni za kipato cha chini sana, 30 za chini, 30 za wastani na 10 za juu. Kwa hiyo mji ukitoa vibali 100 vya uani, 60 huandikwa kwa watu wa vipato vya chini bila mkataba wowote wa kodi. Sababu yao ni kwamba nyingi hukaliwa na ndugu bure au kwa bei ya kujuana. Sawa, shangazi anayekaa uani bure ana nyumba. Lakini wewe usiye na shangazi mwenye uani huwezi kuomba nyumba hiyo popote. Toa hizo kwanza, ndipo uone mji umefanya nini hasa. Safu inayoonyesha kama nyumba ina masharti ya kodi yaliyosajiliwa itakusaidia kuzichuja.

Hatua ya 6: Fuata mfuko

Hapa ndipo kanda ina nguvu. Tangu 2012 MTC hugawa fedha za usafiri za serikali kuu kupitia mpango unaoitwa OBAG, na imeufunga na nyumba. Awamu ya tatu, iliyopitishwa Januari 2022, ni ya takriban dola milioni 750. Mji usio na mpango wa nyumba uliothibitishwa na HCD, au usiopeleka ripoti ya Aprili, huwekwa kando kwenye ugawaji. Baraza ambalo halijali wapangaji hujali sana barabara zenye mashimo, na fedha za kuziba mashimo zinapotegemea nyumba, mhandisi wa mji hugeuka mtetezi wenu bila kujua.

Septemba 2022 MTC iliongeza sera ya maeneo ya vituo. Ndani ya nusu maili ya kituo cha treni, kivuko au basi la mwendokasi, mji unatakiwa uruhusu msongamano wa kutosha, upunguze masharti ya maegesho, na upitishe sera za kuzalisha nyumba, kuhifadhi zilizopo na kuwalinda wapangaji. Kama unakaa karibu na kituo cha BART, treni ya kanda, waulize madiwani wamechagua sera zipi katika kundi la ulinzi wa wapangaji. Swali hilo moja huwashtua, kwa sababu wengi wamezoea kuulizwa kuhusu urefu wa majengo tu.

Jimbo nalo lina zawadi yake. Mji unaokusanya angalau alama 30 kwa sera zinazorahisisha ujenzi hupewa hadhi ya "Prohousing", inayouongezea nafasi kwenye mashindano ya ruzuku na kuufungulia mfuko maalumu. Sacramento ilikuwa ya kwanza, 2022.

Lakini fedha za kujengea hasa ni haba. Kanda iliundiwa chombo cha kukusanya fedha za nyumba, BAHFA, kwa sheria ya 2019. Kilikusudia kuwapelekea wapiga kura hatifungani ya dola bilioni 20 Novemba 2024, kikaiondoa Agosti mwaka huohuo kabla kura hazijapigwa. Ukisikia diwani akisema "ardhi tumetoa, fedha hakuna", usimwone mwongo moja kwa moja. Muulize tu mji wenyewe umechangia nini.

Hatua ya 7: Jua fimbo, lakini usiitegemee

Mji ukibaki nyuma kwenye vibali, mjenzi mwenye kiasi fulani cha nyumba za bei nafuu hupitishiwa mradi kwa kukaguliwa vigezo tu, bila mjadala wa baraza. Miji mingi hupimwa kwa hilo katikati ya mzunguko na mwishoni mwake, ila San Francisco, kwa ukaidi wake wa zamani, hupimwa kila mwaka. Mji usio na mpango uliothibitishwa hupoteza pia haki ya kumkatalia mjenzi wa aina hiyo kwa kutumia mpango wake wa matumizi ya ardhi. Santa Monica, kusini, ilijikuta 2022 na maombi ya nyumba zaidi ya 4,000 kwa mlango huo. Masharti yalibadilishwa kuanzia 2025: asilimia ya nyumba nafuu imepungua, na ukubwa wa jengo umewekewa mpaka. Juu ya yote hayo yupo mwanasheria mkuu wa jimbo, ambaye aliushtaki mji wa Huntington Beach 2023. Kesi huchukua miaka, na mpangaji hali hukumu.

Hatua ya 8: Sema, na useme kwa maandishi

Mpango au marekebisho yake yanapoandaliwa, rasimu ya kwanza hukaa wazi kwa umma siku 30 kabla ya kwenda HCD, na HCD huwa na hadi siku 90 za kuikagua. Katika siku hizo mkazi yeyote anaweza kuiandikia HCD barua pepe moja kwa moja, na mkaguzi analazimika kuzingatia alichoandikiwa. Andika fupi. Kitu kama hiki kinatosha: "Kiwanja namba fulani, ukurasa wa fulani, kimepewa nyumba 90 za kipato cha chini. Kina duka linalofanya kazi, nimeambatisha picha ya wiki hii. Mji haujatoa ushahidi kwamba duka litaondoka. Naomba kiondolewe au ushahidi uletwe." Viwanja vitano vya namna hiyo vinaweza kuurudisha mpango mezani.

Kwenye kikao cha baraza utapewa dakika moja au mbili. Ukizungumza Kiswahili kwa mkalimani, sheria ya California inakupa angalau muda mara mbili ya wengine, isipokuwa kama mji una mitambo ya kutafsiri papo kwa papo. Makarani wengine hawaikumbuki sheria hiyo. Watumie barua pepe siku chache kabla, useme unakuja na mkalimani au unaomba upewe, na kwamba unatarajia muda wako kamili. Nendeni watatu au wanne na mgawane: mmoja aseme namba, mmoja ramani, mama mwenye watoto aseme kodi yake. Wote wakisema kodi, namba hazisikiki.

Hatua ya 9: Omba nyumba huku ukifuatilia

Usisubiri mji ulipe deni ndipo uanze kutafuta. San Francisco ina tovuti yake, DAHLIA. Kwa kanda nzima ipo Doorway, iliyofunguliwa na BAHFA 2023. Unajisajili, unaona majengo yaliyo wazi, ukomo wa kipato na tarehe ya mwisho. Nyingi hugawiwa kwa droo, kwa hiyo aliyeomba siku ya kwanza na aliyeomba siku ya mwisho kabla ya saa ya kufunga wako sawa. Hakuna haja ya kukesha. Andaa mapema hati za mshahara, fomu za kodi ya mapato na taarifa za benki, kwa sababu ukishinda droo muda wa kuzileta ni mfupi na nafasi huhamia kwa anayefuata.

Kuingia kwenye droo hizi ni bure. Mtu akikwambia kwenye kundi la WhatsApp kwamba kwa dola 300 atakusogeza juu ya orodha, huyo ni tapeli, hata kama mnatoka kijiji kimoja.